Mwanafunzi wa Maneno ya Garsen

Alikuwa akisikiliza huku amefumba macho. Mtu akianza kusema mbele yake, yeye huweka kikombe chini, akafumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayengoja kutiwa dawa ya sikio. Wageni walidhani amelala. Mchuuzi mmoja wa mbuzi alikasirika siku moja, akasimama na kusema kwa sauti, "Mzungu huyu ananidharau! Mimi nasema, yeye anasinzia!" Yule mtu akafumbua macho, akamrudishia mchuuzi maneno yake yote, moja baada ya jingine, pamoja na kikohozi alichokohoa katikati. Mchuuzi alicheka mpaka akaketi chini.

Nimeishi na watu wema. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Watoto wangu wananijia, wajukuu wananikalia mapajani. Lakini nikisema jambo, macho yao huwa yako mlangoni. Tangu mtu yule aondoke hakuna aliyewahi kunisikiliza vile, na mpaka leo, nikipata neno zuri kinywani, hugeuka upande wa benchi lake kabla sijakumbuka kwamba hayupo.

Alikuja kwetu Garsen katika miaka ya hamsini, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu. Nchi yake ilikuwa Denmaki, ambayo sisi tulikuwa hatujawahi kuisikia ikitajwa. Alipofika kivukoni na baiskeli na masanduku mawili, wavuta kamba wakamwuliza kazi yake, maana wazungu tuliowajua walikuwa wa serikali au wa misheni. Akasema, "Mimi ni mwanafunzi." Wakacheka. Mtu wa umri ule, mwanafunzi! Basi jina likamganda. Akawa Mwanafunzi kwa Waorma waliokuja na ng'ombe, kwa Wapokomo waliokuja na mpunga na ndizi, kwa Wasomali wenye maduka, hata kwa mimi niliyemchemshia chai kila asubuhi. Naye mimi aliniita Mwalimu. Mume wangu, aliyekuwa mmoja wa wale wavuta kamba, alikuwa akisikia hivyo akitikisa kichwa. "Mke wangu hajakanyaga darasa," alisema, "na leo ana mwanafunzi mwenye mvi."

Lazima niseme mimi ni nani, ili ieleweke kwa nini alinitaka. Nilizaliwa Kipini, mto unapomwagikia baharini, kwenye Kiswahili cha mama na bibi. Niliolewa na Mpokomo wa Golbanti, nikapanda naye mto mpaka Garsen, nikafungua banda la chai na mahamri kati ya kivuko na uwanja wa kuuzia ng'ombe. Hapo walikaa wote: wanaongoja kuvuka kwenda upande wa Lamu, wanaongoja basi la Malindi, wafugaji, wakulima, Wagiriama waliokuja na nazi. Kila mtu alikuwa na lugha yake nyumbani, na wote walikutana katika Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Mimi nilikuwa nikiumwa masikio. Nilikuwa mtu wa kusahihisha. Mtu akiniambia, "Mama, chai yangu nimemmaliza, letea ingine," nilimjibu, "Chai si mtu, baba. Nimeimaliza." Naye hunikodolea macho tu, akanyoosha kikombe.

Siku ya kwanza Mwanafunzi alipokaa benchini kwangu, nilimwambia wazi kwamba amepotea njia. "Kama wataka Kiswahili, panda mtumbwi uende Kipini. Hapa hakuna Kiswahili. Hapa ni makapi."

Akatoa kadi ndogo ya karatasi ngumu mfukoni, akaandika. Kisha akasema, taratibu kama ilivyokuwa desturi yake, "Nani kakuambia ni makapi?"

"Hakuniambia mtu. Nasikia."

"Wale wawili pale," akasema, akionyesha kwa kidevu Muorma na Mpokomo waliokuwa wakipatana bei ya fahali, "wanaelewana?"

"Wanaelewana."

"Basi mimi nataka kujua wanaelewanaje."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Watu wengine walidhani anatafuta madini, wengine walidhani ni mpelelezi. Alitafuta tu jinsi watu wasionyonya lugha moja wanavyofika mahali wakaelewana.

Vidole vyake vilikuwa na madoa ya wino siku zote, na masanduku yake mawili yalijaa kadi. Kila kadi ilikuwa na neno moja au sentensi moja, na nani aliyesema, na alikuwa akifanya nini aliposema. Alizipenda kadi zile kuliko nguo zake. Mwaka mto ulipojaa mpaka maji yakaingia nyumbani kwake, alitoka na masanduku kichwani, moja juu ya jingine, akaacha viatu, chandarua na unga vikielea. Alivuka uwanja miguu mitupu, maji magotini, watu wakimpigia kelele kwamba kuna mamba. Alipofika kwangu akaketi juu ya meza, akafungua sanduku, akaanza kupuliza kadi moja moja.

Kupika hakujua. Wali wake ulikuwa uji upande wa juu na mkaa upande wa chini. Kikoi alikifunga kama anafunga mzigo, kikamvuka siku moja katikati ya uwanja wa ng'ombe. Mtu mwingine angeona haya miezi mitatu, yeye alisimama vilevile na kaptula yake ya ndani, akamwuliza mfugaji aliyekuwa akicheka, "Umesema neno gani? Mara ya pili, tafadhali."

"Mara ya pili, tafadhali." Tulimwigiza kwa maneno hayo. Wavuta kamba walikuwa wakiimbiana wakivuta kivuko. Lakini hakujali kuchekwa. Kitu kilichomkasirisha ni kimoja, mtu kumdanganya ili kumfurahisha. Siku moja alitamka neno la Kipokomo vibaya mbele ya mume wangu, na mume wangu, kwa adabu ya mwenyeji, akamwambia, "Barabara kabisa, Mwanafunzi." Akarudia mbele ya wengine, wakacheka. Akarudi kwa mume wangu uso umemwiva. "Umeninyima," akamwambia. "Ungenipiga kofi ningekushukuru." Mume wangu tangu siku ile alimsahihisha bila huruma, nao wakawa marafiki.

Mimi nilimpa maneno ya Kipini. Nilimwonyesha kwamba paa la nyumba si sawa na paa wa porini, hata kama mtu akiyaandika yanafanana, na kaa la moto si sawa na kaa wa mchangani. Akachana kipande cha karatasi nyembamba, akakining'iniza mbele ya midomo yangu. "Sema." Nikasema la nyumba, karatasi ikatulia. Nikasema wa porini, karatasi ikaruka. Aliruka naye, mtu mzima, akagonga kichwa kwenye boriti. Siku ile banda zima lilishika vipande vya karatasi mbele ya midomo, wafugaji na wakulima na abiria wa basi, kila mtu akipuliza wanyama na mapaa. Hata wasioweza kuyatofautisha maneno hayo walijaribu. Dereva wa basi alipiga honi mpaka akachoka, akashuka, akapewa karatasi yake.

Nakumbuka nilivyolala usiku ule nikiwa na furaha ambayo sikuijua jina lake. Tangu utotoni nilikuwa nikisema maneno yale. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina kitu.

Lakini nisimpambe. Alikuwa na upofu wake. Angeweza kukuuliza siku nzima shangazi yako aliitaje utambi wa taa, asikuulize kama shangazi yu hai. Alisikia kila kitu katika neno ila aliyelisema. Na habari zake mwenyewe hakuzitoa. Kama ana mke, kama ana watoto, hatukujua. Barua zilimjia na basi, akazitia mfukoni, akaendelea na kadi.

Asubuhi moja alikuwa akipanga maneno ya ujamaa. Nilikuwa nikikanda unga wa mahamri, naye akiniuliza, mimi nikijibu bila kufikiri. Mumeo, mumewe. Nduguyo, nduguye. Mamako, mamake. Kisha akasema, "Na mwana?"

Nikasema, "Mwanangu," nikanyamaza.

Akangoja na kalamu yake. "Endelea. Mwanangu, halafu?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga na sikuweza kuitoa. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amekufa kwa homa mwezi wa tatu wa mvua, kabla Mwanafunzi hajaja, na tangu tumzike sikuwa nimelitamka neno lile. Nilimwambia, "Sina la kuendelea." Akadhani Kipini hakuna neno la kufuata. Aliandika hivyo kwenye kadi, nilimwona.

Mume wangu ndiye aliyemweleza, jioni, kivukoni. Kesho yake alikuja mapema kuliko kawaida, kabla sijawasha moto. Hakuwa na kadi. Aliketi benchini, mikono juu ya magoti, na kalamu haikuwa sikioni. Nilichemsha chai, nikakaanga mahamri, wateja wakaja wakaenda, jua likapanda, naye amekaa tu. Mwisho akasema, "Alikuwa akiitwaje?" Nikamwambia jina. Nikamwambia na jinsi alivyokuwa akiita maji kabla hajajua kusema. Alifumba macho akasikiliza, na hakuandika neno.

Nilidhani siku ile amefumbuka. Labda alifumbuka kidogo. Kufumbuka kwa mtu hakuji mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuvunja sote wawili.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, aliyekuwa akija kwangu kila siku ya soko. Mrefu, mkimya, mwenye kilemba cheupe na fimbo nyembamba. Mwanafunzi alimpenda sana kwa sababu alijua majina ya rangi za ng'ombe yasiyokwisha: ng'ombe mwekundu wa namna hii, wa namna ile, mwenye doa mgongoni, mwenye doa ubavuni, kila mmoja na neno lake. Kiswahili chake kilikuwa cha Garsen hasa, kile nilichokiita makapi. Na kulikuwa na mkulima mmoja wa Kipokomo, asili yake Kilelengwani, aliyelima mpunga ng'ambo ya mto. Ng'ombe wa mzee waliingia shambani mwa mkulima mara moja, wakaingia tena mara ya pili. Wakakutana bandani kwangu wakagombana. Mkulima alitupa kikombe chini kikavunjika, akaondoka akitukana.

Mzee alibaki amesimama. Akasema, si kwa hasira, bali kama mtu aliyechoka, "Kesho asubuhi mimi nakwenda kwake. Nitammaliza." Akanishukuru kwa chai, akaenda zake.

Nilisikia mimi. Alisikia Mwanafunzi, na akaandika kadi.

Kesho yake mkulima alikutwa pembezoni mwa shamba lake, kichwa kimepasuka, anapumua lakini hasemi. Na mzee wa Kiorma alikutwa kwenye njia iendayo shambani kule, fimbo mkononi, akivuta kwa kamba ng'ombe mmoja, mtamba mzuri. Alipoulizwa alisema, "Mimi nakuja maliza maneno na yeye." Watu walikuwa wamekwisha kasirika, wakamfunga mikono kwa kamba ileile ya mtamba.

Mkulima alipelekwa hospitali ya pwani akiwa hajitambui. Afisa aliyekuwa akipita kusikiliza kesi alikaa kwenye kibanda cha mabati, na karani wake aliyetoka mbali, asiyejua mambo yetu. Karani alikuwa amekwisha sikia kwamba kuna mzungu aliyeandika maneno ya mzee. Mwanafunzi akaitwa na kadi yake.

Mimi nilikuwa dirishani pamoja na wanawake wengine. Wanawake hatukuitwa.

Karani akauliza, "Alisema 'nitamaliza' au 'nitammaliza'? Maana moja ni kumaliza shauri, na ya pili ni kumaliza mtu."

Mwanafunzi alifumba macho. Nilimwona akimsikia mzee upya ndani ya kichwa chake. Akasema, "Nitammaliza. Nilisikia vizuri. Lakini hapa Garsen..."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya sauti. Lakini—"

"Asante. Inatosha."

Akabaki amesimama, mdomo wazi. Afisa akamwonyesha kiti. Naye akaketi. Mambo yote yangekuwa mengine kama asingeketi, lakini aliketi. Mzee alipelekwa kifungoni mbali na mto, akingojea kama mkulima atakufa au atapona. Alipopita mbele ya dirisha alinitazama.

Jioni ile Mwanafunzi alikuja bandani nikifunga. Ndiyo mara pekee alipaza sauti kwangu.

"Wewe unajua! Kila siku unawasahihisha. 'Chai nimemmaliza, kazi nimemmaliza.' Wewe unajua kwamba kwao ni neno moja! Kwa nini hukusema pale dirishani?"

"Nani aliniuliza?"

Akaegemea nguzo ya banda.

"Umeniuliza kila kitu," nikamwambia. "Umeniuliza utambi, umeniuliza boriti, umeniuliza mwiko na upawa. Kabla hujaingia mle ndani ulipita hapa mlangoni kwangu. Kwa nini hukuniuliza mzee alitaka kusema nini?"

Aliketi benchini, akashika kichwa. "Nimesema kweli," akasema.

"Umesema kweli ya sikio."

Nilisema hivyo kwa hasira, lakini hasira yangu ilikuwa inanirudia mwenyewe, maana ningeweza kupiga kelele dirishani. Nilikuwa najua. Niliogopa, na tena, niseme ukweli wangu leo, kulikuwa na sehemu ndogo ndani yangu iliyosema: ndiyo malipo ya kuvunja Kiswahili. Ni aibu niliyoibeba mpaka uzee huu.

Wiki tatu alizunguka sokoni kukusanya ushahidi. Kila aliyesema "nimemmaliza" akiwa na maana ya chai, kazi, safari au maneno, alimwandika. Mimi nilitembea naye, nikamwonyesha nani wa kusikilizwa. Kadi zilijaa kasha zima. Nikalifunga kwa kamba, akapanda basi kumfuata yule afisa alikokuwa. Alirudi siku ya nne. Kasha lilikuwa limefungwa vilevile kama alivyoondoka nalo, fundo ni langu, nililijua.

"Wamesema shauri linamngoja mgonjwa," akasema. "Hawakufungua."

Hakukaa sana baada ya hapo. Kabla ya mvua alivuka mto kuelekea Lamu, akaenda zake. Wavuta kamba hawakumwimbia siku ile.

Mvua zilipokwisha mkulima alirudiwa na ulimi wake hospitalini. Akasema alikuwa juu ya dungu lake akifukuza ndege, nguzo yake moja ikakatika, akaanguka juu ya kisiki. Hakuna mtu aliyemgusa. Na yule mtamba, wakauliza sasa, alikuwa wa nini? Kila Muorma angewaambia. Alikuwa wa kumlipa mkulima kwa mpunga wake ulioliwa.

Mzee aliachiliwa. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshazikwa, na ng'ombe wake wametawanywa kwa jamaa. Alirudi pia bila Kiswahili. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alipita bandani kwangu, nikamsalimu, akanijibu kwa Kiorma. Nikasema neno jingine, akajibu kwa Kiorma. Mwanawe akaniambia, "Mama, baba ameapa. Anasema lugha ile ilimfunga mikono, hataitia tena kinywani." Tangu siku ile, alipotaka chai, alionyesha kidole.

Mume wangu ndiye aliyemwandikisha mwalimu wa shule barua kwenda Denmaki kueleza hayo yote. Hatukupata jibu.

Miaka miwili ilipita. Akashuka kwenye basi kijana mmoja wa Kizungu, msomi, akauliza kwa Kiingereza, akatafsiriwa: banda la chai lililo kati ya kivuko na soko la ng'ombe ni lipi? Aliketi akalitazama kama mtu anayetazama kaburi la walii. Kwa njia ya mwalimu wa shule akatueleza mambo ambayo hatukuyajua. Kwamba Mwanafunzi wetu ni mtu mkubwa sana kwao. Kwamba alipokuwa kijana aliandika kitabu kinachosomwa katika vyuo vyote. Kitabu kile kilisema lugha ni kama kimia, kila fundo linashikwa na mafundo mengine, na mtu anaweza kukijua kimia chote bila kumjua mvuvi. Wasomi wengi walijengea juu ya kitabu hicho. Na sasa, akasema kijana, ameandika kingine kinachokibomoa cha kwanza. Wenzake wamemkasirikia. Wanasema amezeeka. Na mwanzo wa kitabu hicho kuna banda la chai, na mzee mmoja, na neno moja.

"Ni kweli ilitokea?" kijana akauliza.

"Ilitokea," nikasema.

Nilitaka kumwuliza kama Mwanafunzi anakula vizuri, kama kuna mtu wa kumpikia. Lakini mwalimu wa shule alikuwa na haraka.

Kisha, miaka ile ya hamsini ikielekea ukingoni, wakati wa kiangazi, nikiwa nimeinama napuliza moto, nikasikia benchi likilia. Nikageuka. Alikuwa amekonda, masharubu meupe kabisa. Hakuwa na sanduku wala kadi.

"Hujambo, Mwalimu."

Nilimwagikiwa na machozi, moshi ukanisaidia kuyaficha. Barua yetu ilimfikia, akasema. Alijibu mara nyingi, akachana mara nyingi. Sasa anataka kwenda kwa mzee. Nikamwambia habari ya kiapo. Akasema, "Najua. Nimekuwa nikijifunza."

Nilifunga banda, jambo nisilolifanya hata siku ya kuumwa, nikajitanda leso, tukavuka mto, tukatembea asubuhi nzima kwenye uwanda uliokauka mpaka tukazikuta zile nyumba za mviringo za nyasi. Mzee alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba yake, macho yameanza kuingia ukungu. Mwanafunzi akavua kofia. Akasema, "Nagaa." Amani.

Kisha akaanza kusema Kiorma. Jinsi alivyokisema! Mimi sikijui Kiorma zaidi ya salamu, lakini hata mimi nilisikia kwamba ni kibovu. Alisimama katikati ya maneno, akarudi nyuma, akajikwaa. Wanawake waliokuwa wakikamua walifunika midomo. Mtu aliyepata sifa duniani kwa lugha, na pale alikuwa kama mtoto anayejifunza kutembea kwa kushika ukuta.

Mzee alimwacha aende mpaka mwisho. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Badala yake alinyoosha mkono akamgusa goti, akatamka neno moja, polepole. Mwanafunzi akalirudia. Mzee akatikisa kichwa, akalitamka tena. Akalirudia. Ndivyo walivyokaa: mmoja akisema, mwenzake akimnyoosha, neno baada ya neno, mpaka kivuli cha nyumba kikahama, wakahama nacho. Waliletewa maziwa kwenye kibuyu, wakanywa kwa zamu. Mimi niliketi kando na sikuelewa kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijua mtu asiye na lugha anavyokaa mlangoni mwa wenye lugha.

Mwisho mzee aliuliza jambo, Mwanafunzi akajibu. Aliinama, mabega yakatikisika. Mzee akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamsomea dua.

Tulitembea mpaka tukauona mto. Ndipo nilipomwuliza, "Alikusamehe?"

"Sijui. Nilielewa nusu. Alisema mambo mengi ya ng'ombe."

"Na lile la mwisho?"

Alitembea hatua kadhaa. "Aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia alikufa. Akataka kujua nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa hapa, Garsen. Ilikuwa ule mwaka wa kesi, wiki mbili kabla. Barua ilikuja na basi."

Nilisimama njiani. Wiki mbili kabla ya kesi alikuwa benchini kwangu kila asubuhi. Nilimmiminia chai. Nilimpa neno la mwiko na neno la upawa, na ndani ya mfuko wake kulikuwa na kifo cha mama yake, nami sikumwuliza hata siku moja, "Nyumbani hawajambo?" Mimi, mtu wa Kipini, tunakoulizana habari za nyumbani kabla ya kuulizana majina. Nilimdhani Mzungu hana nyumbani.

Kivuko kilikuwa upande wetu, mume wangu ameshika kamba, anatungoja. Nilimwambia Mwanafunzi angoje kwanza. Nikamkabili pale ukingoni kama anavyokabiliwa mtu aliyefiwa jana, nikampa pole ya mama yake, yote, kama tunavyoitoa kwetu: msiba umetufika sote, Mungu amlaze pema, akupe subira wewe na wote aliowaacha. Alinisikiliza macho wazi, ananitazama. Nilipomaliza alinipa mikono yake miwili, akapokea.